Mtihani wa Siku ya Tatu ya Matanga

Khitam alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea mjini Zarqa, mtaa wa nyuma ya soko la mboga. Kazi yake ilikuwa kufuta makamasi, kufunga viatu, kubadilisha suruali zilizolowa, na kuwabeba wale waliolia kila mama zao walipogeuka mlangoni. Ukimwona asubuhi, mtoto mmoja kiunoni na mwingine amemng'ang'ania pindo la nguo, ungedhani wote amewazaa yeye. Wa kwake walikuwa watatu: Ghaith na Sanad, waliokuwa shule ya msingi, na Joud, kibinti cha miezi saba, aliyebaki nyumbani na bibi yake.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni cheti cha kumaliza sekondari. Masomo yote alikuwa amefaulu tangu zamani, isipokuwa Kiingereza. Kiingereza kilimwangusha mara nne. Mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Siku ile matokeo yalipotoka, mtaa mzima ulikuwa unafyatua fataki kwa ajili ya waliofaulu, na baba yake alifunga madirisha moja moja, taratibu, kisha akasema, "Basi, mwanangu. Ile posa ya Nayef tuikubali." Hakusema kwa ubaya. Na Nayef hakuwa mume mbaya. Aliendesha gari la kusambaza mikate, akirudi nyumbani ananukia unga. Mara tatu zilizofuata Khitam alijaribu akiwa mke wa mtu, mbili kati ya hizo akiwa na tumbo.

Mwaka ule, mwenye chekechea, Bi Siham, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Mama Ghaith, kaa. Kuanzia Septemba serikalini wanataka kila anayeshinda na watoto awe na cheti na awe amejiandikisha chuo. Asiye nacho nitamweka jikoni na kwenye ufagio. Sikupenda, lakini ndivyo ilivyo."

"Na wakinililia?"

"Nani?"

"Watoto."

Bi Siham akapanga karatasi zake. "Watazoea."

Neno hilo lilimkaa Khitam kifuani wiki nzima. Isitoshe, mtihani wa mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa mtaala wao wa zamani. Ukianguka, unaanza upya masomo yote, kama hujawahi kukalia dawati.

Kilichomwangusha siku zote ni vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. Kitenzi "look" peke yake hakina matata. Ni kutazama, mtoto mdogo anakijua. Lakini kibandike kijineno nyuma, na maana inahama nyumba. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kulea. "Look down on" ni kumdharau mtu. Kitenzi ni kilekile, mkia ndio umebadilika. Khitam alikuwa akichagua mkia kwa kupima, akikisikiliza Kiarabu cha kichwani mwake, na Kiarabu chake kikimpeleka kombo kila mara. Na kwenye karatasi ya mtihani kulikuwa na ukurasa mzima wa mikia hiyo.

Mwalimu wa kituo cha masomo aliwatumia wanafunzi wake sauti kwenye simu, vitenzi mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja na sentensi yake. Khitam alikuwa akiisikiliza jikoni alasiri, akirudia kwa sauti, huku yeye na mama mkwe wake wakiviringisha majani ya mzabibu yenye wali na nyama kwa ajili ya chakula cha jioni.

Mama mkwe huyo ni Hajja Rasmiya. Alikuwa na miaka sabini na minne, mwembamba, macho makali, na hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Mahali pa kutia sahihi alitia kidole gumba.

Alasiri moja Khitam alirudia sentensi akatia mkia usio wake. Hajja, bila kuinua macho kwenye jani lake, akasema, "Hapana. Haikukaa hivyo."

"Nini hakikukaa hivyo, mama?"

"Hilo neno. Yule bwana wa kwenye simu amesema 'luk after'. Wewe umesema 'luk to'."

Khitam akaliweka jani chini. "Kwani unajua maana yake?"

"Maana nitaijulia wapi? Najua sauti. Juzuu ya Amma, ile ya mwisho ya Kurani, niliishika hivihivi, kwa sikio, bibi yangu akisoma nami nachambua dengu. Nilikuwa sijui nusu ya ninachokisema, lakini ukinikosea herufi nakushtukia. Hebu rudisha nyuma, aseme tena."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baada ya miezi miwili Hajja alikuwa amevishika vyote mia mbili na kumi na viwili, kwa mpangilio wake, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Ile "p" ya Kiingereza haikupita kinywani mwake, kwa hiyo kukata tamaa, "give up", kwake kilikuwa "giv ab", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Alitaja kitenzi, Khitam akatoa mkia. Kila kitenzi jani moja. Akipata, jani linapangwa kwenye sufuria kubwa. Akikosa, linatupwa kwenye sufuria ndogo, waliyoiita sufuria ya makosa, na hiyo ndiyo iliyoliwa kwanza.

"Leo tunakula makosa mangapi?" Nayef aliuliza akivua viatu mlangoni.

"Kumi na tisa," Hajja akajibu. "Mkeo alikuwa anatazama dirishani."

"Mama, kumi na saba!"

"Kumi na tisa. Mawili uliyala mabichi ili nisiyaone."

Watoto wakacheka mpaka Sanad akapaliwa.

"Usifikiri," Hajja alikuwa akimwambia. "Wewe ubaya wako unafikiri. Unasimama katikati ya neno kama mtu aliyesahau ufunguo. Acha mdomo uende. Mdomo una kumbukumbu zake wenyewe."

Kuna siku Khitam alichoka. Joud alikuwa anaota meno, usiku kucha hakulala, na chekechea kulikuwa na tumbo la kuhara. Alikosa vitenzi vinane mfululizo. Akalitupa jani, akajifunika uso kwa mikono yenye wali, akalia.

"Nina miaka thelathini na moja, mama. Watu wa umri wangu wamefika. Mimi bado naviringisha majani."

Hajja alimwacha alie. Kisha akamfuta wali shavuni kwa ncha ya mtandio wake.

"Na wewe unahangaika nini na mimi?" Khitam akauliza. "Ungekuwa umepumzika saa hizi."

Hajja akachukua jani jingine, akalitandaza kiganjani, akatafuta upande wenye mishipa. "Kitenzi cha arobaini na moja," akasema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Ila Fathiya asijue."

Fathiya alikuwa binti yake mkubwa, dada yake Nayef, anakaa Rusayfa, mwendo wa dakika ishirini kwa gari.

"Kwa nini asijue? Atacheka tu."

"Hatacheka," Hajja akasema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Ilipofika mwezi wa sita, sufuria ya makosa ilikuwa na majani matatu, siku nyingine mawili. Mtihani wa Kiingereza ulipangwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi, jua limeshatoka, Hajja alikuwa bado amekaa kwenye mkeka wake wa sala. Akaita, "Khitam, njoo unishike mgongo." Khitam akaja mbio, akapiga magoti nyuma yake, akamwegemeza kifuani kwake kama anavyomwegemeza mtoto mwenye homa. Hajja akashusha pumzi moja ndefu. Khitam akangoja ya pili. Joud alikuwa amelala kwenye kitanda cha bibi yake, ngumi mdomoni, na hakuamka hata mama yake alipopiga ukelele.

Walimzika baada ya adhuhuri.

Nyumba ikajaa. Wanaume walikaa kwenye hema barabarani, wanawake ndani, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa ukutani, kahawa chungu na tende zikizunguka. Fathiya alikuja na begi lake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye mikono ya kazi, na alilia kimya, bila kutoa sauti, machozi yakimshuka tu huku akiwaelekeza wageni pa kukaa. Lakini mke wa nyumba ile ni Khitam. Marehemu amefia mikononi mwake, na kila aliyeingia alimwendea yeye baada ya mabinti wa marehemu, akamshika mkono, akamwambia Mungu azidishe subira.

Jumapili alasiri Khitam alimkuta Nayef jikoni anafuta vikombe.

"Kesho ni mtihani," akamwambia.

"Najua."

"Nikienda?"

"Watu watasema. Kesho ndiyo siku ya tatu, ndugu wa Irbid wanakuja wote, na wa Karak."

"Na nisipoenda?"

Nayef aliendelea kufuta kikombe ambacho kilishakauka. "Mama alitaka uende. Mimi najua alitaka. Lakini siwezi kusema hivyo mbele ya Fathiya, Khitam. Kila mtu naweza kumwambia, Fathiya siwezi."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe," akasema, akatoka na trei.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Khitam alitoka chumbani na gauni lake jeusi, kitambulisho na kalamu mbili mkononi, Joud begani. Alitarajia kupita ukumbini kabla wageni hawajawa wengi. Walikuwa wameshaanza. Mama Adnan, jirani wa ghorofa ya chini, alikuwa ameshika tende yake tayari. Fathiya akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwenye mtihani, wifi. Saa sita na nusu nitakuwa nimerudi."

"Mtihani gani?"

"Wa Kiingereza."

Mama Adnan akaguna. "Kiingereza! Kwani malaika wa kaburini watamhoji marehemu kwa Kiingereza?" Wawili watatu wakashusha nyuso zao kuficha cheko, na cheko hilo lilimchoma Khitam kuliko maneno.

"Mama yangu udongo wake haujakauka," Fathiya akasema. "Watu wanatoka Karak kuja kutupa pole, na mke wa nyumba yuko wapi? Anaandika. Utaandika nini leo? Hiyo mitihani si ipo kila mwaka?"

"Huu ndio wa mwisho. Na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Nani?"

"Mama."

"Mama yangu?" Fathiya alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama yangu, aliyekuwa hajui kuandika jina lake, alikufundisha wewe Kiingereza? Mzushie aliye hai, Khitam. Maiti mwache."

"Wallahi alinifundisha. Alivishika vyote kwa kichwa, kwa kusikia. Miezi minne, kila alasiri, jikoni hapo. Muulize Nayef. Alikuwa ananiuliza kimoja kimoja, na nikikosa anarudia. Alitaka nimalize shule."

Khitam aliona uso wa Fathiya ukibadilika, hasira ikiondoka, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Alitaka umalize shule," Fathiya akasema polepole. "Unajua mimi nilifika la ngapi? La sita. Nilikuwa wa pili darasani. Siku moja nimerudi, nimekuta mfuko wangu wa vitabu umewekwa juu ya kabati, nisipoufikia, na mama akanipa mtoto. Akaniambia, mdogo wako huyu, mimi naenda kufanya kazi nyumba za watu, kaa naye. Mtoto huyo ndiye mumeo. Nimemlea mimi. Nimewalea watano. Nililia mwaka mzima kwa ajili ya ule mfuko, na hakuna siku mama yangu aliniambia hata neno moja juu yake. Hata moja. Mpaka juzi nimemfunga kidevu hakuwa ameniambia." Akavuta pumzi. "Na wewe anakukalisha jikoni anakufundisha."

Sasa Khitam alielewa kwa nini Hajja alisema hatacheka. Alitamani kumwambia: labda alikuwa anakulipa wewe kwa mkono wangu, labda hakujua aanzie wapi. Lakini ni nani angeyasema hayo kwa mtoto wa marehemu, mbele ya watu, siku ya tatu? Wala hakuwa na hakika. Hajja alikuwa ameondoka na la kwake.

Joud akaanza kulia. Alikuwa na njaa, na zile sauti zilimtisha. Khitam akamhamisha bega la pili, akatazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo.

Kama angekaa chini wakati ule, angesamehewa. Alijua. Angevua kitambaa cha kutokea, angeshika birika la kahawa, na jioni Fathiya angemwambia neno, na kesho yake jingine, na yangekwisha. Akawafikiria watoto wa chekechea wakimwita jikoni, na yeye akiwaambia nendeni kwa mwalimu.

"Naenda, wifi," akasema. "Nisamehe."

Fathiya akanyoosha mikono yake mikubwa. "Mpe hapa."

"Wifi..."

"Mpe mtoto hapa, nimesema! Mtoto hana kosa. Utamchukua jua lote hili ukamkalishe nje ya geti na nani?"

Khitam akampa. Joud alitua kifuani kwa shangazi yake, akakohoa kilio kimoja cha mwisho, akanyamaza. Fathiya akageuka naye akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa watu wote.

Kwenye chumba cha mtihani walikuwa wanawake ishirini na kitu, wote watahiniwa wa kujitegemea, na feni moja. Msimamizi aliliona gauni jeusi, akashusha sauti alipomwekea karatasi. Khitam alifungua ule ukurasa. Nafasi kumi na tano, kila moja inangoja mkia wake. Hakufikiri. Ile sauti ilikuja yenyewe, kavu, yenye "b" mahali pa "p", kitenzi baada ya kitenzi, na mkono wake ukaandika. Alipofika kwenye nafasi ya kumi maziwa yakamshuka, yakalowanisha kifua, na kwa kuwa gauni lilikuwa jeusi hakuna aliyeona. Alimaliza ukurasa kabla ya robo saa. Katika mitihani yote minne hakuwahi kumaliza ukurasa ule. Akaweka kalamu chini, na hapo ndipo alipolia msiba wake, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kichwa juu ya meza, mpaka msimamizi akamletea maji.

Alirudi saa sita na dakika ishirini. Fathiya alimrudishia mtoto, amelishwa uji wa wali, amebadilishwa nepi, nywele zimechanwa. Jioni hema liliposhushwa alibeba begi lake, akambusu Nayef kichwani, akawabusu wavulana, akashuka ngazi. Khitam alibaki na mkono wake hewani.

Matokeo yalitoka mwezi wa nane. Themanini na tatu. Khitam aliyatazama kwenye simu mara sita, akiwa amesimama kati ya kamba za nguo juu ya paa la nyumba. Mitaani fataki zilikuwa zinalia kila upande, na kwenye mapaa ya wengine wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Nyumba yao ilikuwa bado ya msiba. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nayef alimkumbatia, akasema, "Umefaulu, binti wa watu, umefaulu," kisha akaingia chumba cha mama yake akafunga mlango.

Khitam alimpigia Fathiya simu. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Septemba akapewa darasa lake, watoto kumi na wanane, na jina lake likaandikwa mlangoni. Jumamosi alikuwa anakwenda chuo. Usingesema hana furaha. Lakini kulikuwa na alasiri ambapo alikaa jikoni na majani yake ya mzabibu, peke yake, na kazi iliyokuwa ikiisha kwa saa moja sasa ilimchukua jioni nzima.

Idi ya kwanza baada ya msiba haina peremende. Ni kahawa chungu na tende, kama matanga yamefunguliwa upya. Siku hiyo Nayef aliwazungukia dada zake, kama kila mwanamume anavyowazungukia dada zake Idi, na Khitam akafuatana naye. Wawili wadogo walimpokea vizuri. Wa mwisho alikuwa Fathiya, ghorofa ya tatu, Rusayfa.

"Nipande kwanza na wavulana," Nayef akasema. "Nimsikilize."

Khitam akangoja chini, ndani ya gari, Joud mapajani. Dakika kumi zikapita, ishirini. Wavulana wakashuka, kila mmoja na sharubati mkononi na noti ya Idi mfukoni. Kisha akashuka Nayef, na Khitam hakuhitaji kumuuliza.

"Anasema mguu unamuuma, hana nguvu ya wageni zaidi," Nayef akasema, akatazama matairi ya gari.

Joud alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa ameshuka mapajani mwa mama yake, anakwenda ukutani, anagusa, anarudi, miguu peku, viatu vyake amevitupa. Khitam alipoinama kumfuata akahisi anatazamwa. Akainua kichwa. Fathiya alikuwa ameshika chuma cha roshani kwa mikono miwili. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Ameanza lini?" akauliza kutoka juu.

"Wiki tatu sasa, wifi."

Fathiya alimtazama Joud akienda hatua nne, akianguka, akisimama.

"Mvalishe soksi," akasema. "Saruji ina baridi."

Akaingia ndani, na mlango wa roshani ukafungwa.

Nayef alikuwa ameshawasha gari. "Amesema nini?"

"Amesema mtoto avae soksi."

Akamkamata Joud, akamkalisha ukingoni mwa kiti, akafungua mfuko, akazitafuta soksi chini ya nepi na chupa. Mtoto alipiga mateke na kucheka, akaivua ya kwanza wakati mama yake anavalisha ya pili. Khitam akaiokota, akamvalisha tena.